Leo ndege imepita chini ya miguu yangu

Jamani, naandika haraka, mnisamehe nikikosea herufi.

Asubuhi niliruka na mwavuli wangu wa kupaa angani kutoka mlima Kigali. Nilikuwa juu ya Nyamirambo, hewa imetulia, naona hadi mabati ya nyumba yetu.

Ghafla nikasikia injini.

Ndege ndogo ikachomoka kwenye wingu, ikapita chini yangu. Karibu mno!

Upepo wake ukaukunja mwavuli upande mmoja. Nikapiga kelele "Mana yanjye!", Mungu wangu, peke yangu huko angani, nikivuta kamba mpaka ukafunguka.

Nilipotua, nilikunja mwavuli nikarudi nyumbani.

Baadaye rubani akapata namba yangu kwenye chama chetu cha waruka kwa mwavuli, akapiga. Nilijua atanitukana. Kumbe naye ameogopa.

"Dada, kwenye skrini yangu hukuwepo kabisa. Nilikuwa na mke wangu na mtoto humo ndani."

Nikamwambia pole.

Sikumwambia kwamba mwezi uliopita, chama kilipojadili kama tulazimishwe kubeba kile kifaa kinachotuonyesha kwenye skrini za ndege, mimi ndiye niliyesimama kupinga. Nilisema ni mzigo tu.

Nimeogopa kumwambia yeye, nawaambia nyinyi. Wenzangu mnaoruka, bado mnakikataa kifaa hicho?