Wino Gani Huu Wenye Marashi?

Jamani, mmeshawahi kusikia maneno yenu ya chumbani yakisomwa saluni kwa sauti?

Mwenzenu yamenikuta.

Nimekaa zangu, rola kichwani, dada nisiyemjua akafungua kitabu cha katuni akawa anawasomea wenzake. Kuna mwanamke wa kuchorwa, Bi Pua, pua kama birika, ananusa shati la mumewe.

"Wino gani huu wenye marashi?" akasoma.

Saluni nzima wakavunjika mbavu. Maneno hayo niliyasema mimi, mwezi uliopita tu, na shati lilikuwa la mume wangu.

Mume wangu ndiye mchapishaji wa kile kitabu. Alianzia chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, yeye anatunga vichekesho, mchoraji anachora. Mchoraji mwenyewe mwanamke! Mrefu, vidole vyeusi kwa wino, na akicheka unamsikia tangu kwenye ngazi.

Kule ofisini wanacheka. Nyumbani kwangu mume anarudi kimya, anakula, analala. Wivu ukanipanda.

Nikamtupia kile kitabu mapajani.

"Bi Pua ndo mimi?"

"Mke wangu, katuni tu hiyo."

"Na pua kaichora nani? Si huyo huyo wako?"

Toleo lililofuata, na hayo yakatoka. Ukurasa wa mbele!

Basi kila nikigomba, kitabu kinagombaniwa. Bi Pua akawekwa kwenye fulana, kwenye vikombe. Wakahamia ghorofani, jengo lenye lifti. Mama mkwe akanipigia simu: "Mwanangu, usije ukaacha kugomba."

Nikasema, mtanikoma.

Nikanyamaza. Shati linukie lisinukie, nafua. Achelewe, nampa pole na kazi.

Bi Pua akaanza kupooza. Wakajaribu kumbunia ugomvi, wasomaji wakasusa, vitabu vikawa vinarudi kutoka madukani vile vile na kamba zake. Mume wangu akakonda.

"Huniulizi nilikuwa wapi?"

"Si kazini."

"Na nani?"

"Na wenzako."

Akaweka kijiko chini. "Mke wangu, nigombeze basi. Kidogo tu."

Nikamkatia tikiti maji.

Haukupita muda, mchoraji akaacha kazi, na hapo ndipo kampuni ilipokata roho. Siku ya kuhamisha vitu nilikwenda kusaidia. Kusema kweli, nilikwenda kuhakikisha yule mwanamke hayupo.

Nikamkuta. Alikuwa amefuata kalamu zake. Mume wangu yuko chini anapakia meza.

"Umeshapata wa kwingine?" nikamchokoza.

Hakukasirika. "Dada, unajua nimeondoka kwa nini? Nimechoka kumchora mke wa mtu. Kila asubuhi mumeo anaingia, mke wangu kasema hivi, mke wangu kafanya vile, anacheka mpaka machozi. Nikimweleza la kwangu hasikii. Ile pua niliikuza makusudi, kwa hasira."

Kumbe vile vicheko vilikuwa vyangu!

"Na marashi?" nikauliza.

Akafunga mkoba wake. "Nilikuwa najipaka kwa ajili yake. Hakuwahi kuyasikia hata siku moja. Uliyasikia wewe tu."

Nilimwonea wivu yeye, naye alikuwa ananionea mimi, na bwana mwenyewe hana habari.

Jioni nililichukua shati lake nikalinusa. Jasho na vumbi tupu.

"Leo unanuka wewe mwenyewe tu! Yule wa marashi umemficha wapi?"

Akaniangalia, akaangua kicheko, safari hii mbele yangu. Kisha nikamwona anapapasa mfukoni kutafuta kalamu.

Nikamnyang'anya.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu: pua yako ikikwambia kuna marashi, iamini. Ila kabla hujamtukana aliyejipaka, muulize mumeo kama aliyasikia.