Dakika ya Thelathini na Moja

Saa sita na nusu mchana, lori la tatu limeshapakuliwa na ghala la saruji limetulia. Wapakuaji wanane wamejibwaga chini kupumzika. Wengine wamelala midomo wazi, wengine wanarushiana vijembe. Mmoja amekaa peke yake karibu na mlango, penye mwanga. Magotini ameweka karatasi ya mfuko uliopasuka, na mkononi ameshika kipande cha penseli kifupi kuliko kidole gumba chake.

Anaandika neno moja tu. Kila herufi inamtoa jasho, na midomo inamchezacheza kama mtu anayeomba dua. *Nilipaswa.* Analitazama, halimpendezi, analikata na kuanza upya.

“Kitabu, barua ya mapenzi hiyo?” anauliza mwenzake mmoja. “Mwambie shemeji ukweli tu, saruji imekumaliza nguvu!”

Ghala zima linaangua kicheko. Yeye hacheki, wala hakasiriki.

“Waache,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Wangejua ninachoandika wasingecheka.”

Jina hilo la Kitabu alipewa hapahapa ghalani mwaka jana, alipoanza kujifunza uamuzi wa soka. Alikuwa akibeba mfuko wa kilo hamsini huku akizikariri sheria za mchezo kwa sauti, ya kwanza hadi ya kumi na saba, bila kuruka hata neno. Wenzake walimwekea mitego: mpira ukimgonga mwamuzi ukaingia golini je? Kipa akidaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mchezaji mwenzake je? Akawajibu yote, mfuko ukiwa begani.

Wasichokijua ni kwamba mtu waliyempa jina la Kitabu hakuwa anajua kusoma.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, mke na watoto watatu. Aliacha shule akiwa darasa la pili, mama yake alipougua, akaenda kubeba maji kwenye majengo yanayojengwa. Namba alizijua kwa kuhesabu mifuko, herufi zilimpita. Amepakua saruji kwa miaka kumi na minne. Siku nzuri anapitisha mgongoni mifuko mia mbili, na anachopata kinaishia kwenye unga, mafuta ya kupikia na kodi ya vyumba viwili.

Uamuzi aliuona kama mlango wa kutokea. Mechi moja ya ligi ya vijana humlipa mwamuzi anayeanza sawa na mifuko mia moja na arobaini. Lakini anakiri kwamba si malipo tu yaliyomvuta.

“Maisha yangu yote nimepigiwa kelele. Leta, weka, rudisha, fanya haraka,” anasema. “Nilitaka siku moja nipulize filimbi, watu ishirini na wawili wasimame wanisikilize mimi.”

Aliyemsomea sheria ni mke wake, msusi anayefanyia kazi yake barazani mwa nyumba wanayopanga. Jioni, wateja wakishaondoka, mama huyo alipuliza jiko, akabandika sufuria, akafungua kijitabu cha sheria na kusoma mstari mmojammoja. Mume alirudia. Akikosea, mke alimgongea mwiko kwenye kifuniko na kumwambia aanze tena.

“Mimi mpira siupendi hata kidogo,” anasema mke huyo huku akichambua nywele za mteja. “Lakini ukiniuliza habari za kuotea, nitakufundisha mpaka uchoke. Siku moja nilibishana na wanaume wa nyumba ya pili mpaka wakanyamaza. Mmoja akaniambia, mama, rudi jikoni. Nikamwambia, huko jikoni ndiko nilikojifunzia.”

Anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika.

Mafunzo yalichukua wiki tisa. Mkufunzi alikuwa mwanamke, mwamuzi mstaafu anayesifika kwa ukali. Siku ya mtihani, mpakuaji wetu alimfuata kabla ya kuingia darasani na kumwambia kwamba macho yanamsumbua, maandishi madogo hayaoni. Mkufunzi akamhurumia. Akamsomea maswali yote hamsini, naye akajibu kwa mdomo. Alipata arobaini na saba. Hakuna aliyemfikia.

Hapo, anasema, ndipo alipodhani ameshavuka. Kilichobaki ni mechi tano za majaribio, kisha leseni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mkufunzi alilisema siku ya mwisho, wengine wakiwa wanakusanya madaftari. Kadi ya njano, alisema, unajaza fomu: namba ya jezi na dakika, basi. Kadi nyekundu inataka ripoti. Unaeleza kilichotokea kwa maneno yako na kwa mkono wako, palepale uwanjani, mbele ya kamisaa wa mchezo.

“Wenzangu waliandika hayo wakasahau,” anasema. “Mimi sikuyasahau. Namba naziweza. Maneno ningeyatoa wapi?”

Mechi tatu za mwanzo zilikwenda salama. Hakuna aliyestahili nyekundu, na watu wakaanza kumsifu kuwa ni mwamuzi mpole, asiye na papara. Yeye anasema hakuwa mpole. Alikuwa anaomba Mungu.

Mechi ya nne ilikuwa kati ya vijana wa gereji na vijana wa kiwanda cha mikate. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi likiruka, na mlinzi mmoja wa gereji, aliyevaa namba nne, alikuwa na shari tangu mpira ulipoanza. Dakika ya thelathini na moja, namba nne aliruka kwa miguu yote miwili, meno ya viatu yakiwa mbele, akatua kwenye ugoko wa kiungo wa timu ya mikate.

Mwamuzi alikuwa karibu. Anaikumbuka sheria kama alivyoisikia jikoni, na anaisema sasa bila kuulizwa: “Kumkabili mpinzani kwa namna inayohatarisha usalama wake ni kadi nyekundu.” Alipuliza filimbi. Mkono ukaenda mfuko wa nyuma, ilipo nyekundu, vidole vikaigusa.

“Nikaiona ile karatasi,” anasema. “Sikumwona aliyeumia, nakuambia kweli. Niliiona karatasi nyeupe na kamisaa amenisimamia akisema andika. Mkono ukarudi wenyewe. Nikatoa ya njano.”

Kiungo aliyeumizwa aliinuka akichechemea. Mashabiki walizomea kidogo, wakatulia. Mchezo ukaendelea.

Dakika ya arobaini na nne, namba nne aliruka vilevile tena. Safari hii chini yake alikuwa winga wa timu ya mikate, namba kumi na moja, kijana wa miaka ishirini na miwili anayekanda unga kiwandani. Mfupa ulivunjika kwa mlio uliosikika mpaka kwa waliokaa upande wa pili.

Sasa nyekundu ilitoka. Ilitoka imechelewa dakika kumi na tatu.

Majeruhi alipopakiwa kwenye pikapu, kamisaa alimletea mwamuzi fomu. Aliipokea, akabaki akiitazama pikapu ikiondoka. Kamisaa akamwonea huruma, akampa siku thelathini ailete kabla kamati ya nidhamu haijakaa. Kisha akamshika bega na kumwambia maneno yaliyokusudiwa kuwa ya faraja.

“Ile ya kwanza ulikuwa mbali, hukuiona vizuri. Hutokea.”

“Nilikuwa hatua nne,” anasema Kitabu, na kuangalia chini. “Nne tu.”

Nyumbani, mke wake alichukua kalamu na kumwambia ataje, yeye aandike, waimalize. Ndipo akamweleza yote, mpaka ya dakika ya thelathini na moja. Mke aliirudisha kalamu mezani. Kisha akasema kwamba fomu inauliza habari za kadi nyekundu tu, na hiyo nyingine hakuna aliyeiuliza.

“Nilitaka kumlinda,” anakiri mke. “Nimemlinda miaka yote. Barua ikija naipokea mimi. Dawa ya mtoto naisoma mimi. Watu wa mtaani hawajui, hata ndugu zake wengine hawajui. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, tukazaa balaa.”

Fomu ilikaa juu ya kabati bila kuguswa. Siku ya tano, Kitabu alikwenda kumjulia hali yule winga, mkandaji wa unga.

Alimkuta kwenye chumba kimoja anachoishi na mama yake, mguu umefungwa plasta kutoka pajani mpaka kwenye vidole na kuegeshwa juu ya blanketi lililokunjwa. Ndani ya mguu kumetiwa chuma. Daktari alimwambia miezi minane, labda zaidi, na mpira asahau. Kiwanda kilikuwa kimeshaweka mtu mwingine mahali pake, kwa kuwa unga hukandwa kwa kusimama tangu alfajiri. Mama yake alimkaribisha mgeni, akampa stuli na kikombe cha chai.

Mkandaji ndiye aliyeanza kuzungumza.

“Refa, nashukuru umekuja. Wenzangu wamekuja mara moja tu, hawajarudi. Wewe huna lawama. Ulimwonya kwa njano, akakaidi.”

Mgeni alikuwa amekwenda kusema ukweli. Alikuwa ameupanga njia nzima. Lakini shukrani zile zilimziba mdomo, na mama wa kijana alikuwa akimtazama kwa heshima ambayo hakuizoea. Akanywa chai mpaka mwisho, akaaga.

“Hiyo chai ndiyo inayonitesa,” anasema. “Kuliko hata ule mlio wa mfupa.”

Jioni hiyo alimwambia mke wake amfundishe kuandika. Mke akashangaa: yeye mwenyewe angeweza kuiandika ripoti hiyo kwa dakika tano. Mume akamjibu kwamba ikiandikwa na mkono mwingine, atakuwa amekimbia mara ya pili.

Amejifunza kwa siku ishirini na tatu. Jioni ni jikoni. Mchana ni hapa ghalani, kwenye karatasi za mifuko. Anasema kupakua ni kazi nyepesi kuliko herufi R. Kuna maneno anayoyaweza sasa, na kuna anayoyachora tu akikumbuka umbo lake. Hakuhitaji mengi. Alihitaji ya kutosha ripoti moja.

Ijumaa, siku ya ishirini na nane, anaomba ruhusa baada ya lori la kwanza. Anaoga bombani, anavaa shati la kanisani, na kwenda kwenye ofisi ya waamuzi, chumba kidogo nyuma ya uwanja kinachonuka chokaa na nyavu zilizolowa. Mkufunzi yuleyule ndiye katibu. Anavaa miwani na kusoma. Ripoti ina mistari michache, herufi kubwa zilizopinda:

*Dakika ya 31 namba 4 alicheza rafu. Niliiona. Nilikuwa karibu. Nilipaswa kutoa kadi nyekundu. Nilitoa njano kwa sababu sijui kuandika ripoti. Dakika ya 44 alimvunja mguu namba 11. Dakika ya 31 ni kosa langu.*

Mkufunzi anaisoma mara mbili. Anavua miwani.

“Siku ile ya mtihani uliniambia macho.”

“Macho yangu mazima, mama.”

“Unajua nimekusifia kwa watu wangapi?” Sauti inampanda. “Nimewaambia nina mwanafunzi mmoja hajapata kutokea!”

Mama huyo anageukia dirishani. Akirudi kuzungumza, hasira imempungua, na kilichobaki ni kizito zaidi.

“Nilikusomea maswali hamsini na sikujiuliza hata mara moja. Hilo nitalibeba mimi. Lakini leseni sikupi. Si mwaka huu. Mwakani sijui, kamati itaamua. Na filimbi iache hapa.”

Kitabu anaivua shingoni na kuiweka mezani. Kisha anaomba jambo moja: nakala ya ripoti yake. Mkufunzi anaitoa kwenye mashine iliyo pembeni bila kumuuliza ya nini.

Nje, kwenye ngazi, anaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Jumatatu atarudi kwenye saruji, na huko ndiko atakakokuwa kwa muda usiojulikana. Anasema ataendelea kujifunza herufi, leseni ije isije, kwa kuwa mtoto wake wa mwisho ameanza shule na hataki kumdanganya kuhusu macho.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Saa nne asubuhi atakwenda kwa mkandaji kumsomea ripoti hiyo. Ameomba makala haya yasitoke kabla, ili kijana asije akayasikia kutoka gazetini. Mke wake amejitolea kumsindikiza, asimame karibu, amsaidie neno likimshinda. Amekataa.

“Likinishinda nitalirudia mpaka litoke,” anasema. “Najua atachukia. Ana haki. Na mama yake akinifungia mlango, nitasimama nje nisome kwa sauti.”