Fundi Anayeiamkia Kompyuta
Fundi wa kompyuta wa hoteli yetu ya Diani huiamkia mashine kabla ya kuigusa, "Shikamoo, bibi," kisha hubonyeza kwa vidole viwili huku akisonya. Leo ile inayoendeshwa na mfumo wa Linux ilikataa kuleta programu mpya kutoka mtandaoni, na meneja alikwisha sema binti yangu Mbinya, anayeitumia kazini hapa, ameiharibu, afukuzwe. Nilishika ufagio, nikafagia palepale karibu nao. Fundi akasoma anwani ya proksi, ile mashine ya kati inayoipa hii njia ya kutoka, mara akacheka mpaka akaegemea meza. "Meneja, anwani hii ya zamani nilisahau kuibadilisha mimi! Mwache mtoto wa watu." Akaandika mpya, mistari ya programu mpya ikaanza kuporomoka kwenye kioo. "Mama Mbinya, kigelegele!" Nikakipiga, nikarudia, hata wazungu wa bwawani wakapiga makofi bila kujua sababu.