Jenereta la hospitali lilifanyiwa sevisi kwa brashi ya rangi, damu ya Mama Sabina ikaishia kwenye ndoo

Wakuu, habari zenu, na waliokula chumvi kunizidi shikamoo zao. Ninachoandika hapa nimekiona nikiwa nimelala chali na sindano mbili mkononi. Sijasimuliwa na mtu.

Damu yangu ilikuwa nje ya mwili. Inatoka kwenye mipira, inapita kwenye mashine ya kuisafisha, inarudi. Saa nne asubuhi, umeme ukakatika.

Hatukushtuka. Jenereta likawaka huko nyuma, taa zikarudi. Mama Sabina, kitanda cha pili, akasema, "Haya, bwana harusi kaamka."

Dakika tatu hazikufika. Likakohoa, likavuta, likakohoa tena, kimya.

Mashine zetu zikaanza kulia zote pamoja. Zina betri zake ndogo za kujishikiza, lakini nazo zilishachoka. Pampu za damu zikasimama.

Pampu ikisimama, kuna mpini, nesi anazungusha kwa mkono ili damu irudi mwilini. Manesi wawili. Wagonjwa watatu.

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Nilipiga kelele, "Sista, huku! Huku kwanza!" Akaja kwangu. Mwenzake alikuwa kwa mwalimu mmoja wa kitanda cha tatu.

Walipomfikia Mama Sabina, damu ilikuwa imeganda kwenye mipira. Ikishaganda hairudishwi. Wakamchomoa, mipira na damu yake vikatupwa kwenye ndoo ya taka, yeye anaangalia.

Sasa nirudi nyuma, maana hasira yangu haikuanza siku ile.

Shule niliishia la saba. Nimeendesha mashine ya kusaga kule Misungwi miaka kumi na tisa, mpaka figo ziliponiangusha. Injini ya dizeli naijua kwa sikio.

Kila Jumatatu nikiwa kitandani nasikia wanawasha lile jenereta. Dakika tano, wanazima. Sauti nyepesi, haina mzigo. Ni sawa na kuwasha mashine bila kutia mahindi halafu unasema inasaga.

Siku moja nikamkuta fundi wao, Magesa, anapaka jenereta rangi. Ilikuwa wiki ya sevisi ya mwaka na wakaguzi wanakuja. Nikamsalimia vizuri tu. Nikamuuliza, "Fundi, filta ya dizeli umebadili? Na mzigo umelibebesha ukasikiliza?"

Akacheka na brashi yake mkononi. "Mzee, hii siyo mashine yako ya kusaga mahindi. Kapumzike, utapandisha presha."

Nikaenda kwa msimamizi wa majengo, Bwana Nkwabi. Hata kwenye kiti hakuinuka. Akanionyesha karatasi ukutani. "Mzee wangu, sevisi ya mwaka imefanyika, tiki zote hizo hapo. Na jenereta si umeliona linavyong'aa?"

Linang'aa! Wakuu, kuna watu ukiwaambia wakifanyie kitu sevisi, cha kwanza wanatafuta kopo la rangi.

Wiki moja baada ya ile siku ya umeme kukatika nikapata nguvu ya kutembea. Walishakodi jenereta lingine, lile la zamani wamelifunika turubai. Mlinzi ananifahamu, akageukia pembeni. Nikafunua.

Filta ya dizeli inafunguliwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Ile ya pale imepakwa rangi pamoja na mahali inapokaa, rangi imeunga vyote viwili. Hata ufa hakuna. Ungeizungusha kidogo tu, rangi ingekatika.

Nikakwaruza na ufunguo. Kijani. Chini ya kijani, bluu. Chini ya bluu, kijivu. Zote zimepita juu ya maungio bila kukatika.

Sevisi tatu, miaka mitatu, na kilichoigusa ile filta ni brashi peke yake! Uchafu umejaa humo. Bila mzigo injini inapata dizeli ya kungurumia. Ibebeshe hospitali nzima, inakosa pumzi. Picha ninazo.

Mimi nimerudi kwenye mashine, Jumatatu na Alhamisi, maana kwingine nafasi hakuna. Mama Sabina hajarudi. Ameshakosa mara tatu.

Nimemfuata Kirumba, anauza dagaa soko la Mwaloni. Nimemkuta amekaa juu ya gunia, miguu imevimba hata kandambili haziingii.

Nikamwambia, "Mama, utakufa."

"Na kule nitaponea wapi, Baba Ngolo? Hilo jenereta la kukodi analihudumia nani? Si Magesa yule yule na brashi yake? Tangu siku ile nani kaniambia hata pole? Aje mtu aniambie usoni, mimi ndiye niliyesaini, na hivi ndivyo nilivyofanya. Nitarudi siku hiyo hiyo. Asipokuja, acheni nifie kwangu, damu yangu yote ikiwa ndani."

Nikarudi nyumbani, nikakaa kuandika haya.

Nilichojifunza ni hiki. Wewe mwenye mgonjwa, mwenye chumba cha barafu, mwenye vifaranga, usikubali kuonyeshwa karatasi tu. Uliza filta ya zamani iko wapi. Fundi aliyebadili kweli anayo, nyeusi, inanuka. Halafu jenereta liwashwe likiwa na mzigo, nawe umesimama hapo hapo.

Mafundi mliomo humu, kama nimekosea kuhusu ile rangi nisahihisheni, sitakasirika. Na kama hospitalini kwenu mmeona mambo kama haya, semeni.

Ila Magesa, najua humu unapita. Umetia tiki filta tatu. Leta moja ya zamani. Moja tu.

Na wewe Bwana Nkwabi, usinijibu mimi. Mimi nilipiga kelele nikapona. Bandua hiyo karatasi ukutani, nenda nayo Kirumba, umsomee Mama Sabina.

Alhamisi ni keshokutwa, na kitanda cha pili bado kitupu.