Simu Iliyomeza "Usi"

Simu ya Baba Mapacha ilianza kumeza maneno tangu siku ilipomponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya kupigia deki. Aliiopoa upesi, akaikausha kwa feni kutwa nzima, nayo ikawaka kama kawaida. Picha zilikuwepo, namba zilikuwepo. Ila kila alipofungua mdomo kuzungumza, kipande cha kwanza cha neno hakikufika upande wa pili.

Mwanzoni nyumbani walicheka. Shemeji yake alimpigia kumwita kwenye kikao cha familia, naye akajibu, "Sitakuja." Shemeji akasikia "takuja," akamwekea kiti, watu wakamsubiri saa nzima hadi chai ikapoa. Mkewe, Mama Mapacha, akasema ndoa yao haijawahi kuwa na amani kama wakati ule, maana mume amekuwa wa kukubali kila kitu. Hata yule binti mkubwa kati ya mapacha, aliyemzidi mwenzake kwa dakika kumi na kwa maneno mengi, alikuwa akimpigia baba yake kazini makusudi ili amwombe ruhusa.

Baba Mapacha alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Yeye alikuwa fundi wa lifti. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiingia kwenye mashimo yale marefu yanayopita katikati ya majengo, anasimama juu ya paa la kichumba kinachobeba watu, huku mwenzake yuko juu kabisa kwenye chumba cha mashine. Mwenzake huyo waliyemwita Bonge, ingawa maradhi ya tumbo yalikuwa yamemkondesha zamani, ndiye aliyeshika mkono wa breki: akiuvuta, breki inaachia lifti isogee; akiuacha, breki inauma. Zamani walizungumza kwa redio za mkononi. Redio zilikufa mwaka uliopita, na ofisi ikasema maombi yamepelekwa juu. Juu wapi, hakuna aliyejua. Basi wakawa wanatumia simu zao.

Sasa fikiria mtu amesimama gizani juu ya paa la lifti, na maisha yake yanategemea neno linalopita kwenye simu inayokula mwanzo wa neno. Katika lugha yetu kukataa hukaa mbele. Ukiondoa mbele, kilichobaki ni kukubali.

Baba Mapacha alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na lilimnyima raha. Akabuni njia: kila alipotaka kusema jambo, alitanguliza jina. "Bonge, usiachie." Simu ikala "Bonge," ikaacha mengine yapite. Kwa njia hiyo walifanya kazi wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ila kila asubuhi, akivuta mlango wa shimo na ile hewa yenye harufu ya grisi kumpiga usoni, alijikumbusha: jina kwanza.

Kwa nini hakununua nyingine? Alikuwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyeuza simu kwenye duka la mtaa wa pili. Alimwendea, akaonyeshwa simu nzuri, nyembamba, ya rangi ya majivu. Aliishika, akaipima uzito mkononi, karibu aseme ndiyo.

"Mjomba, nikwambie ukweli kwa sababu wewe ni damu yangu," mpwa akamnong'oneza, akimtazama bosi wake kwa pembeni. "Toleo jipya linatoka mwezi ujao. Likitoka tu, hii inashuka bei. Na hilo jipya lina spika nzuri, betri siku mbili, halishtuki hata likilowa. Subiri kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Arobaini hivi."

Maneno yale yalimwingia, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Simu aliyokuwa nayo aliinunua siku sita tu kabla ya toleo jipya kutoka, na fundi rangi mmoja pale kazini alimcheka mwaka mzima. Alichukia kuchekwa. Akairudisha ile ya rangi ya majivu kwenye kioo, akaenda zake.

"Umenunua?" mkewe akamuuliza.

"Nasubiri toleo jipya."

Mama Mapacha alikuwa akikunja nguo. Akaacha. "Baba Mapacha, mtu anayechimba kisima hasubiri kamba mpya itoke kiwandani akiwa tayari yuko ndani."

"Natanguliza jina. Hakuna shida."

"Na siku ukisahau?"

Swali hilo alikuwa amekwisha kujiuliza mwenyewe mara nyingi, tena alfajiri kabla ya kengele ya saa.

Ilikuwa Jumanne, siku ya ishirini na moja ya kusubiri. Waliitwa kwenye jengo la ghorofa saba, la ofisi tupu. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, bila mtu ndani. Wakazima umeme. Bonge akapanda hadi chumba cha mashine. Baba Mapacha akafungua mlango wa ghorofa ya nne kwa ufunguo wake, akashuka juu ya paa la lifti, akawasha taa ya kichwani. Tatizo akaliona mara moja: gurudumu dogo la mlango lilikuwa limetoka kwenye reli yake. Ili alifikie vizuri, ilibidi lifti ipandishwe kidogo kwa mkono. Lifti ikiwa tupu, vyuma vizito vinavyoning'inia upande wa pili huizidi uzito. Ukiachia breki tu, inapanda yenyewe, umeme uwepo usiwepo.

"Bonge, achia kidogo."

Paa likatikisika, likapanda kiasi cha kiganja.

"Bonge, tosha."

Likasimama. Akapiga magoti, akainama ukingoni kulivuta gurudumu. Mfuko wa zana ulikuwa umemning'inia mgongoni, na mkanda wake umepita kifuani. Alipotaka kuinuka, hakuinuka. Akajaribu tena. Mkanda ulikuwa umenasa kwenye chuma kilichochomoza ukutani. Ukuta hausogei. Yeye yuko juu ya kitu kinachosogea.

Akaileta simu mdomoni, akasema neno moja tu, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo:

"Usiachie!"

Lifti ikapanda.

Ilipanda polepole, bila kelele, kwa upole ule ule ambao Bonge aliutumia miaka yote. Mkanda ukakaza, ukamvuta chini kuelekea kwenye ule mwanya kati ya paa na ukuta, mwanya ambao mkono wa mtu unaingia lakini kifua hakiingii. Simu ikamponyoka, ikalala kwenye paa hatua moja kutoka usoni pake, kioo kikiwaka. Bega likagusa ukuta. Saruji ikaanza kumparuza.

Kisha lifti ikasimama. Kutoka kwenye simu sauti ya Bonge ikatoka, tulivu kabisa:

"Nimeachia. Inatosha, au niongeze?"

Baba Mapacha hakuwa na pumzi. Alitaka kusema, na mkanda ulikuwa umefunga kifua kama waya. Aliitazama simu. Akasikia Bonge akikohoa, akisubiri.

"Haloo? Niongeze?"

Baadaye hakuweza kueleza pumzi ile aliitoa wapi. Hakuielekeza kwenye simu. Aliinua uso kuelekea juu, kwenye zile kamba za chuma zinazopotea gizani, akapiga ukelele usio na neno. Shimo likaubeba hadi juu, ukapenya kwenye matundu ya sakafu ya chumba cha mashine. Bonge akauacha mkono wa breki kama mtu aliyeshika kaa la moto. Breki ikabaki imeuma. Halafu zikasikika hatua za kukimbia kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, kisha mlango, kisha kisu kikikata mkanda.

Walikaa kwenye ngazi, bega kwa bega.

"Ulisema niachie," Bonge akasema.

"Nilisema usiachie."

Bonge akaificha mikono yake kwapani, kana kwamba haikuwa yake.

Nyumbani Baba Mapacha alisema alijigonga. Mama Mapacha alilitazama lile bega lililochubuka, akautazama mstari mwekundu ulioanzia shingoni hadi mbavuni, akaenda kupasha maji ya kumkanda. Maji yalipokuwa tayari, nusu ya ndoo iliishia sakafuni kabla hajamfikia.

Kesho yake Baba Mapacha alikuwa dukani kabla halijafunguliwa.

"Mjomba! Zimebaki siku kumi na tisa tu, vumilia," mpwa akasema, akiinua mlango wa chuma.

"Nipe iliyopo."

Mpwa akageuka amtanie, akauona mstari wa shingoni, utani ukamkauka mdomoni. Akaitoa ile ya rangi ya majivu. Baba Mapacha akamwomba avuke barabara, asimame kule ng'ambo na simu yake sikioni. Kisha, katikati ya duka, wateja wa kwanza wakiingia, akasema, "Usiachie." Akasema tena. Akasema mara saba, nane, kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nimesikia, mjomba," sauti ya mpwa ikamjia sikioni. "Unasema usiachie. Usiachie nini?"

Machozi yalimtoka pale pale, mtu mzima, mbele ya wateja.

Toleo jipya lilitoka kama lilivyotangazwa, na bei ya simu yake ikashuka kweli. Fundi rangi akaanza kucheka, kisha mtu akamvuta pembeni akamsimulia, akaacha. Baba Mapacha na Bonge waliandika barua ya pamoja kuhusu redio, wakaipeleka wenyewe hadi mezani kwa mkubwa, wakasimama hadi ikasomwa. Wakaambiwa wiki mbili. Wakasema watasubiri wiki mbili, ila nje ya shimo. Redio zikafika siku ya tisa.

Lakini Bonge hakuugusa tena mkono wa breki. Alijaribu mara moja, vidole vikakataa. Kwa hiyo wakabadilishana: Bonge akawa anashuka shimoni, na Baba Mapacha anakaa juu kwenye chumba cha mashine, penye joto na vumbi na zile kamba zinazozama sakafuni.

Alidhani huku juu angepumua. Haikuwa hivyo. Kule chini aliogopea mwili wake mwenyewe, na mtu huuzoea mwili wake. Huku mkono wake ulishika chuma baridi, na mwishoni mwa kamba alikuwepo baba wa watu, haonekani, hana kitu isipokuwa sauti.

"Achia kidogo," Bonge akasema siku ya kwanza, sauti safi kama yuko pembeni yake.

"Sema tena."

Bonge akasema tena.

"Tena."

Akarudia mara ya tatu, taratibu, hakucheka wala kuudhika. Ndipo Baba Mapacha akaachia, kiasi cha upana wa kidole, akafunga, akasubiri amsikie mwenzake akipumua.