Mvua ya Baba

Juzi mwanamume mmoja aliingia dukani kwangu hapa Kericho na binti yake, akauliza bei ya viatu vyeusi vya shule. Nilipomtajia, alitazama nje, jua likiwaka, akasema, "Mvua itanyesha." Mimi nami, mjuaji, nikatoa simu nikamwonyesha kwamba wiki nzima ni jua tupu. Akanishukuru, akamshika msichana mkono, wakatoka. Walikuwa wamevuka barabara ndipo maneno yale yaliponiingia, nikahisi uso ukiwaka kwa aibu.

Mvua ile naijua, rafiki yangu. Ilikuwa ya baba yangu.

Tulikaa Kimulot, karibu na msitu, na baba alichuna majani chai hata vidole vikawa na weusi usiotoka kwa sabuni. Nilikuwa nimeitwa sekondari, na bila viatu vyeusi vya ngozi ungerudishwa langoni. Basi siku ya soko tulishuka asubuhi na mapema, umande ukitulowesha magoti, harufu ya chai ikitufuata kutoka kiwandani. Kwenye meza ya kwanza baba alishika kiatu, akauliza bei, kisha akainua macho. "Mvua itanyesha." Wanaume wa rika lake hawakuomba kupunguziwa mbele ya watoto wao, walizungumzia mvua.

Kijana wa meza ile alicheka. "Mzee, kama huna kitu, wachana na mali ya watu." Watu wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alirudisha kiatu polepole, akakipangusa kwa mkono wa koti lake kana kwamba alikuwa amekichafua.

Mwisho wa soko alikaa mama wa mitumba, mtu wa kuja kutoka upande wa Mlima Kenya, viatu vyake vimepangwa juu ya turubai. "Chamgei, mzee," alimsalimu baba kwa Kikipsigis chake cha kuokoteza. Kila mtoto aliyejaribu kiatu kwake alioshwa miguu kwanza, wa tajiri na wa maskini. Aliniosha matope kwenye beseni bila haraka, huku akimuuliza baba habari za ng'ombe. Kiatu kikanikaa vizuri. Baba akauliza bei, akaambiwa, akatazama juu.

Yule mama hakutazama juu. Alimtazama baba, kisha akageuza kiatu na kukunja uso. "Ngoja kwanza, mzee. Hii iko na shida hapa kwa soli. Siwezi kukuuzia kwa hiyo bei, utanitukana huko nyumbani. Nipe tu chenye uko nacho, uniondolee hasara."

Baba akakohoa. "Shida kidogo si neno," akasema, kama mtu anayemsaidia. Tulipanda kwenda nyumbani yeye akiwa mbele, anapiga mluzi.

Nilivaa viatu vile kidato baada ya kidato nikiitafuta hiyo shida. Sikuiona. Nadhani baba hata hakuitafuta. Lakini tangu siku ile, jirani yeyote aliyetaka viatu alipelekwa na baba kwa yule mama. Bonasi ya chai ikitoka, turubai lake lilibaki tupu kabla ya saa sita, na kijana wa meza ya kwanza bado anaita wateja. "Biashara haigombi," mama alizoea kusema, akimwaga maji ya beseni.

Siku hizi pale alipokaa pana duka la simu. Viatu vyangu vimebandikwa bei, na cheti cha semina ya kumwelewa mteja kimetundikwa ukutani. Beseni sina.

Nilitoka mlangoni nikitaka kuwaita. Walikuwa wamefika mbali, vumbi likiwafuata. Baba mtu alikuwa akitazama mbele. Msichana alikuwa ameinua uso, akiitafuta ile mvua.