Pasi Juu ya Barakoa

Nilipohamia Kigali kutoka Mwanza, nilipanga chumba cha kushonea katika mtaa wa Nyakabanda pamoja na mama mmoja Mkongo aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Korona ilipoingia tuliacha magauni tukawa tunashona barakoa kutwa, cherehani mbili kwenye dirisha moja.

Asubuhi moja aliweka pasi juu ya kitambaa, akaanza kunisimulia habari za wanawe. Moshi ukapanda. Aliendelea kuongea mpaka nilipomwonyesha kwa kidole. Nikamuuliza kama hakusikia harufu. Akasema ni mafua tu.

Redioni tulishaambiwa kwamba ugonjwa huu humfanya mtu asisikie harufu. Tangu saa ile nikamtilia shaka. Chai yake niliikataa nikisingizia tumbo, cherehani nikaisogeza mlangoni, na kila alipokohoa niligeuza uso. Niliamini anajijua kuwa mgonjwa siku nyingi, anaficha asije akawekwa karantini. Siku ya tatu nikamwendea mhudumu wa afya wa mtaa kimyakimya, nikamtaja.

Walikuja wakatupima wote wawili, puani. Yeye alikuwa nao. Mimi pia.

Nikadai kipimo kimekosea. Mhudumu akaniuliza kama niliumwa wiki iliyotangulia. Nikakana haraka mno. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata homa siku mbili, nikajifukiza kwa mchaichai na mikaratusi kama ndugu zangu walivyonielekeza kwa simu, nikarudi kazini kabla sijapona vizuri. Mwenzangu alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akapandisha barakoa yake.

Tulipona sote, ila yeye kwa taabu. Kwa miezi kadhaa, akipanda mlima kwenda kwake alikuwa akipumzika njiani.

Chanjo ilipofika tulikwenda pamoja kituo cha afya. Nilikuwa nimesikia mengi: inaharibu uzazi, imetengenezwa upesi mno, sisi ndio wa kujaribiwa. Nilimwomba muuguzi anionyeshe chupa, nikasoma tarehe, nikamuuliza kama nikichomwa sitaugua tena.

"Unaweza kuugua," alisema. "Lakini hatari ya kuzidiwa inapungua sana. Hayo ndiyo tunayoyajua mpaka sasa."

Angeniapia kwamba sitaugua kamwe, ningeondoka. Nikakunja mkono wa blauzi.

Tulikaa kwenye benchi, wauguzi wakituangalia kama tutadhurika. Hapo mwenzangu akaniuliza, bila kunigeukia, "Ni wewe ulinitaja?"

Nikakubali. Nikamweleza na ile homa yangu.

"Ungeniuliza mimi, dada," alisema. "Na mimi nilikuwa naogopa."

Nilikuwa nimemchunguza kikohozi, macho, hata namna alivyoshika kikombe, na swali moja la wazi lilinishinda.

Mwezi uliofuata alihamishia cherehani yake kwa mdogo wake. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Namjibu, kisha njia nzima najiuliza alitaka kujua nini hasa.